Amethibitisha Mwenyewe kwa Simu

Kalangalala, Geita
3 Juni 2024

Mpenzi wangu Generoza,

Najua utashangaa kupata bahasha badala ya kusikia sauti. Usihofu, mimi ni mzima, sijaumia hata ukucha. Simu yangu ndiyo iliyo ndani. Imekaa kwenye kabati la kituo cha polisi, imebandikwa karatasi yenye neno "kielelezo", na mimi nimeachiwa. Kwa hiyo kati yangu na simu, mwenye kesi ni simu.

Ilikuwa hivi. Sisi madereva wa mtandao tumekuwa tukizuiwa kupakia abiria uwanja wa ndege. Abiria anakuita, unafika, mlinzi anakurudisha nje ya geti, na yule mtu anaburuta sanduku lake juani mpaka barabara kuu. Makato ya kampuni nayo yamepanda. Basi wenzangu wakapanga magari mstari mmoja mbele ya geti, wakazima injini, wakakaa. Mimi nilikuwa napita tu. Polisi wakaja, wakatupandisha wote kwenye karandinga, tukalala mahabusu, kesho yake tukaambiwa nendeni nyumbani, hakuna mashtaka. Habari yote ndiyo hiyo.

Jirani yangu Jilala amejitolea kuniazima simu yake, lakini huyu bwana akikuazima simu hukaa hapohapo anasikiliza mpaka mwisho. Yapo maneno ambayo sitaki Jilala ayasikie kabla yako. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, na barua nampa Melania wa vitenge, maana kila wiki anapita Ushirombo.

Bila simu siitwi na abiria yeyote, kwa hiyo gari nimeliegesha nyumbani na kuku wa mwenye nyumba wamelipenda. Lakini usiwe na wasiwasi juu ya kalamu yetu ya Septemba. Ndoa iko palepale.

Nakupenda, na nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Wako,
Enock Bujiku


Ushirombo, Bukombe
9 Juni 2024

Enock wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena. Nashukuru Mungu u mzima. Kisha nikachukua wino mwekundu, maana ualimu haunitoki: kalamu ni ya kuandikia. Ya Septemba ni karamu. Ukikosea hivyo kwenye kadi za mwaliko, watu watakuja na madaftari.

Sasa tuache mzaha. Habari zako zilifika huku kabla ya barua yako, na zilifika zimevalishwa nguo nyingine. Watu walisikia Geita, wakasikia uwanja wa ndege, wakasikia polisi, wakamalizia wenyewe. Inasemwa umekamatwa na dhahabu kwenye soli ya kiatu. Jumamosi sokoni mama mmoja alinishika mkono akanipa pole ya mume kufungwa miaka saba.

Mimi nimekuamini toka sentensi ya kwanza. Baba ndiye shida. Unamjua mzee Alois, ni mwenyekiti wa jumuiya, na kila anayekuja kusali kwetu anamtazama usoni kwanza kuona kama ni kweli. Jana aliniita akasema, "Mwanangu, maneno ya mdomo yana miguu. Aniletee karatasi ya polisi yenye muhuri, inayosema alikamatwa kwa nini. Bila hiyo namwambia Padri asitangaze ndoa." Matangazo ya kwanza yalikuwa yasomwe Jumapili ya kwanza ya Agosti. Nimemwomba asikukataze kuja, akasema usikanyage mpaka karatasi itangulie.

Enock, itafute hiyo karatasi. Siwezi kuolewa huku baba amegeukia ukutani, na siwezi kuolewa na mwingine. Sasa umejua nimesimama wapi.

Mama Bujiku hajambo huko Rwamgasa? Nisalimie sana. Nina hamu ya kumwona huyo bibi aliyekulea.

Wako, Generoza


Rwamgasa
12 Juni 2024

Mume wangu Enock,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika. Wabeja, asante kwa sukari. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kisomo cha ngumbaru nilikihudhuria mimi, sikutuma mtu.

Umenikosea. Mtu unalala rumande, unatoka, unakaa siku zote hizo ndipo unaniletea salamu! Ningekuwa mke wa wivu ningerudi kwetu. Bahati yako mimi ni bibi yako, na bibi hana pa kurudi.

Siku ile polisi walinipigia. Kijana mmoja, Kiswahili chake kizito cha kule Mara, lakini ana adabu. Alisema wamekushika, hujapigwa, uko nao salama. Akaniuliza maswali, nikamjibu yote, moja moja, bila kuficha. Nilipokata simu nikakaa kwenye kigoda mpaka jua likazama. Hayo yamepita.

Huyo mke mwenzangu wa Ushirombo anajua kupika mchembe, viazi vyetu vya kukausha? Kama hajui asiogope, nitamfundisha. Lakini aje haraka, mimi sizeeki kwenda nyuma.

Mkeo wa ujana wako,
Apolonia Nkwabi, Mama Bujiku


Kalangalala, Geita
14 Juni 2024

Mkuu wa Kituo,
Kituo cha Polisi.

YAH: OMBI LA NAKALA YA KUMBUKUMBU ZA TUKIO LA MADEREVA WA MTANDAO UWANJA WA NDEGE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa madereva waliokamatwa mwishoni mwa mwezi Mei mbele ya geti la uwanja wa ndege na kuachiwa bila mashtaka. Kwa kutumia haki ya raia kupata taarifa, naomba nakala ya kile kilichoandikwa kuhusu tukio hilo na kuhusu mimi: sababu ya kukamatwa, nilichokutwa nacho, na namna nilivyoachiwa.

Ningeshukuru iwapo itaonekana wazi kwamba sikukutwa na dhahabu. Nalazimika kulitaja hili kwa kuwa mimi ni mkazi wa Geita, na watu wakisikia Geita hawaulizi zaidi.

Sababu ya ombi ni ndoa. Naomba pia kukumbushia simu yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Enock Bujiku, dereva


Kituo cha Polisi
9 Julai 2024

Ndugu Enock Bujiku,

YAH: OMBI LAKO LA NAKALA YA KUMBUKUMBU

Ombi lako limekubaliwa. Nakala ya maelezo ya tukio pamoja na taarifa zako binafsi zimo kwenye bahasha ya ndani, iliyofungwa kwa muhuri. Maelezo hayo yaliandikwa siku ya tukio kutokana na kauli za wahusika na uchunguzi wa simu.

Unashauriwa kuyasoma kabla ya kuyawasilisha popote.

Kuhusu simu, bado tunaishughulikia. Tunakutakia ndoa njema.

Sajini Chacha
Kny: Mkuu wa Kituo


Kalangalala, Geita
11 Julai 2024

Mzee wangu Alois,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama na nyumba yote mkiwa wazima.

Baba, uliagiza karatasi ya polisi. Ndiyo hii. Bahasha ya ndani nimeipokea imefungwa na ninaituma imefungwa. Sajini alinishauri niisome kwanza, lakini nimeona nikiifungua mtu anaweza kusema nimeichezea. Mwenye haki hana haja ya kuchungulia. Wewe ndiye uwe wa kwanza kuifungua, hata mbele ya jumuiya ukipenda.

Nasubiri neno lako kwa heshima.

Mwanao mtarajiwa,
Enock Bujiku


Ushirombo
15 Julai 2024

Enock Bujiku,

Baba alifungua bahasha yako Jumapili baada ya misa, sebuleni, jumuiya nzima ikiwa imeketi. Ulimwambia mbele ya jumuiya ukipenda. Alipenda.

Akasoma kwa sauti. Dhahabu: hakuna. Watu wakapiga makofi, mama yangu akapiga kigelegele. Sababu ya kukamatwa: kuzuia njia mbele ya geti. Watu wakatikisa vichwa wakasema hilo si kosa la kumnyima mtu mke. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Halafu akageuza ukurasa. Nakuandikia maneno yake kama yalivyoandikwa, maana nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi:

"Hali ya ndoa: ameoa, wake wawili. Mke mkubwa: Apolonia Nkwabi, mkazi wa Rwamgasa, watoto saba. Amethibitisha mwenyewe kwa simu. Mke mdogo: Generoza, wa Ushirombo. Hakupokea simu."

Hakupokea simu kwa sababu alikuwa darasa la nne anafundisha kuzidisha! Enock, nimo kwenye kitabu cha polisi kama mke mdogo. Mimi. Na huyo Apolonia ni nani? Watoto saba! Una miaka thelathini na mmoja, ulianza lini?

Lipo na jingine. Uliniandikia kwamba ulikuwa unapita tu. Karatasi inasema wewe ndiye uliyesimama juu ya boneti ukisoma madai ya madereva. Hilo ningekusamehe siku hiyohiyo, huenda ningejisifia. Lakini mtu akiwa na ulimi wa kunificha boneti, nitajuaje hana ulimi wa kunificha mke?

Watu waliondoka bila kumaliza chai. Pete yako ipo, nimeivua, nimeiweka kwenye kopo la chumvi.

Generoza


Kalangalala, Geita
17 Julai 2024

Generoza, Generoza wangu,

Irudishe pete kidoleni, chumvi itaiharibu!

Apolonia Nkwabi ni bibi yangu. Ni yuleyule Mama Bujiku unayemsalimia kila barua. Hukulijua jina lake kwa sababu hakuna anayemwita hivyo tena isipokuwa kadi ya kliniki. Ananiita mume wake toka nikiwa nanyonya kidole, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, na kwenye simu nilimwandika "Mke Mkubwa" ili kumfurahisha. Wewe nilikuandika "Mke Mdogo" kwa kuwa yeye alisema zamu ni zamu. Hao watoto saba ni baba yangu Bujiku na ndugu zake! Polisi walimuuliza ana watoto wangapi, naye kamwe hadanganyi kuhusu watoto wake, waliopo na waliotangulia.

Nimekwenda kituoni leo asubuhi. Sajini Chacha alicheka mpaka akavua kofia, akasema hata kwao bibi huwa hivyo, lakini sauti ya kwenye simu ilikuwa imara na haikuwa na dalili ya mzaha. Kitabu hakifutwi, amesema. Akitaka anaweza kuongeza mstari chini, baada ya mkuu wake kurudi safari.

La boneti ni kweli. Nilikuahidi sitatafuta ugomvi kabla ya ndoa, nikaona aibu kukwambia. Wenzangu walinisukuma juu kwa sababu mimi ndiye niliyeandika madai. Mwandiko wangu unaujua, hakuna mwingine angeweza kuyasoma. Uongozi wa uwanja umetuita kikaoni mwezi ujao, na mimi ndiye msemaji. Sitakuficha tena hata tairi ikipata pancha.

Niruhusu nije. Nitakuja kwa miguu.

Wako peke yako,
Enock


Kalangalala, Geita
17 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Umeniponza. Polisi wamekuandika mke wangu, karatasi imesomwa mbele ya jumuiya nzima ya Ushirombo, na Generoza amevua pete. Ulimwambia nini yule askari? Kwa nini hukusema tu kwamba wewe ni bibi yangu?

Sina hasira na wewe, Bibi, nitakuwaje na hasira na wewe. Lakini nimechanganyikiwa. Andika barua, au weka dole gumba, au mwambie mwenyekiti wa kitongoji aandike kwamba wewe ni bibi. Chochote chenye muhuri.

Mjukuu wako,
Enock


Ushirombo
21 Julai 2024

Enock,

Maelezo yako nimempelekea baba. Mama alicheka, akasema hata marehemu bibi yetu alimwita kaka yangu mume na kumdai kanga kila Krismasi. Baba hakucheka. Alisema, "Bibi hutania mjukuu nyumbani. Polisi wakipiga simu mtu yuko rumande, nani hutania?" Wewe unalo la kumjibu?

Mimi nakuamini nusu na robo. Hiyo robo iliyobaki ndiyo inayonikosesha usingizi. Usije. Ukija kabla baba hajatulia atakufungia mlango, na mimi nitatoka nje kukufuata, na hapo ndipo tutakuwa tumeharibu kweli.

Pete nimeitoa kwenye chumvi. Sijaivaa.

Generoza


Rwamgasa
22 Julai 2024

Mume wangu,

Barua yako imenichekesha, nikaegemea ukuta. Halafu nikasoma ile sehemu ya pete, nikaacha kucheka.

Unauliza nilimwambia nini askari. Nilimwambia mimi ni mke wako. Unauliza kwa nini. Hilo sikuandikii.

Usimsumbue tena Sajini, kitabu cha serikali kiache kilivyo. Nimekopa kitenge kizuri kwa jirani, nimenunua dawa ya magoti. Keshokutwa napanda gari la Katoro, kisha la Ushirombo. Nimekulea bila mama yako na bila baba yako, sitashindwa kukaa kwenye gari nusu siku. Usinifuate. Mambo ya wake waachie wake.

Apolonia


Ushirombo
28 Julai 2024

Enock wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Jumatano mchana nilikuwa naanua nguo, nikaona bibi mfupi anaingia uani na fimbo na kikapu cha mchembe. Akapiga hodi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Mke mkubwa amefika. Mke mdogo yuko wapi, aje anipokee mzigo." Mama aliangua kicheko akaacha maharage yakaungua. Mimi nikapiga magoti nikamwamkia. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema, "Huyu nimemkubali. Miguu yake ina nguvu." Majirani walijaa. Ndani ya saa moja, ile robo yangu ya shaka ilikuwa imekwisha, na pete niliivaa mbele yake.

Baba alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti chake. Lakini unamjua. Baada ya chakula akauliza lilelile, "Mama, nisamehe. Siku ile walipokupigia, kwa nini ulitania?"

Bibi akasema, "Sikutania."

Enock, ulinieleza kwamba baba yako alifukiwa na kifusi ukiwa na miaka minne. Sidhani kama unajua haya mengine, kwa maana Bibi alisema hajawahi kumwambia mtu. Siku ile alikuwa palepale machimboni, akiuza uji karibu na duara, shimo alilokuwa anachimba Bujiku. Mama yako alikuwa amekwenda kwao Kahama. Asubuhi aliona watu wanakimbia, akauliza, wakamwambia si kitu. Wenye duara walikuwa wamekubaliana kwamba taarifa apewe mke kwanza, ndio utaratibu, na mke akasubiriwa mpaka atoke Kahama. Kutwa nzima wachimbaji walikuja kwake, wakanywa uji, wakamtazama, wakalipa, wakaondoka. Wote walikuwa wanajua. Bibi alimwekea mwanawe uji wake pembeni, akaufunika, na ulipopoa akaupasha tena. Jioni mama yako aliposhuka kwenye gari na kuanza kulia ndipo yeye naye akaambiwa.

"Kwa hiyo," akamwambia baba, "simu ilipolia, sauti ikasema ni polisi, tuna Enock hapa, wewe ni nani wake? Nikaona nikisema bibi, watasema huyu mzee, tumtafute mke. Nikasema mimi ni mke. Mke huambiwa. Wakaniambia yu hai."

Baba aliondoka akaenda uani. Tukasikia anapiga chafya ambazo hazikuwa chafya. Aliporudi alipiga magoti mbele ya Bibi, baba yangu huyu, akamwambia, "Mama, katika nyumba hii hakuna atakayekuuliza tena wewe ni nani wake." Jana alikwenda mwenyewe parokiani. Tangazo la kwanza litasomwa Jumapili ijayo, kama lilivyopangwa.

Bibi bado yuko kwetu. Anamfundisha mama kupika mchembe na karanga, wanagombana kuhusu chumvi. Njoo Jumamosi, mlango uko wazi. Usimuulize chochote juu ya simu ile, hakutaka ujue, na mimi nimekwambia kwa sababu tuliahidiana kutofichana.

Ila tupatane jambo moja kabla hatujaoana. Wewe ni dereva, utakuwa barabarani siku zote, na mimi nitakuwa nakusubiri. Simu yako ikitoka polisi, kila ukifika salama mahali, usinipigie mimi kwanza. Mpigie yeye. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Mke mdogo,
Generoza